Kupiga Kumepigwa Marufuku

Nchi ninayoisimulia haipo. Anayedai ameiona aulizwe alivuka mpaka gani na kwa kibali cha nani, maana huenda ndiye mhalifu anayetafutwa. Kazi yangu ni kusimulia, na yako ni kusikiliza huku ukijifanya hujui.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo alikuwepo mtawala, Mtukufu Baba Mlezi, aliyewapenda wananchi kama wanawe wa kuzaa. Na kwa kuwa mzazi asiyeadhibu huharibu watoto, kila polisi wake alipewa rungu. Polisi walipiga waliochelewa, wakapiga na waliowahi. Walipiga waliosema ili wanyamaze, na walionyamaza wakawapiga ili waseme. Hakuna aliyelalamika, na aliyelalamika hakurudia. Nchi ilikuwa tulivu kupita kiasi.

Walioleta balaa ni wageni. Walikuwa watu warefu wenye miwani, ambao kila mwaka walikuja kukagua visima walivyovichimba mwaka uliotangulia, wakakuta havina maji, wakachimba vingine. Mwaka huo, katika kupita pita, wakaona wananchi wengi wanachechemea. Wakauliza kulikoni. Dakta Mikogo, Waziri wa Maneno na Utulivu, akawaeleza kwamba ile ni ngoma ya asili. Wageni wakaiandika ile ngoma, lakini hawakuridhika. Wakasema kwa adabu kubwa kwamba watu wakiendelea kupigwa, Baba Mlezi hataalikwa kwenye Mkutano wa Wakubwa wa Dunia, ule unaomalizikia kwa picha ya pamoja.

Baba Mlezi alikuwa amekwisha kushonesha suti ya ile picha.

Basi Dakta Mikogo akaagizwa atunge sheria upesi. Dakta alikuwa amesomea maneno ng'ambo kwa miaka mingi. Alisomea ya watu. Ya kwao aliyaacha uwanja wa ndege siku aliyoondoka, na aliporudi hakuyakuta. Akatunga sheria fupi, ili Baba Mlezi aweze kuisema bila karatasi: "Kuanzia leo, kupiga kumepigwa marufuku. Kupiga kwa namna yoyote, kwa sababu yoyote, mahali popote." Wageni walipotafsiriwa wakafurahi mno. Hasa walilipenda lile "popote".

*

Huko mtaa wa Kichangani waliishi madobi wawili, Bi Chausiku na mumewe Feruzi. Mke alifua, mume alipiga pasi, na mtaa mzima uliwaita Mama Siwema na Baba Siwema, ingawa Siwema mwenyewe alikwisha kuolewa zamani mji wa mbali. Feruzi alikuwa mtu mpole, asiye na neno na mtu. Suruali ikipita mikononi mwake, mkunjo wake ungeweza kukatia mkate. Ila yake ilikuwa moja tu: pua yake na vumbi havikupikika chungu kimoja.

Siku ya kutangaza sheria watu wote waliswagwa uwanjani, na uwanja wenyewe ulikuwa mkavu. Baba Mlezi akapanda jukwaani akiwa na suti yake mpya, akanyoosha kidole juu, akanguruma:

"Watoto wangu! Kuanzia leo, kupiga kumepigwa marufuku!"

Watu walitaka kushangilia, lakini hawakujua kama ni mtego, wakanyamaza. Na katika ukimya ule, pua ya Feruzi ikashindwa.

"Chyaa!"

Karibu yake alisimama Koplo Nguchiro. Huyu alikuwa askari ambaye tangu azaliwe hakuwahi kupata wazo lake mwenyewe, na kwa sababu hiyo wakubwa walimtabiria makuu.

"Nani huyo?"

"Mimi, afande. Niwie radhi."

"Umefanya nini?"

"Nimepiga chafya, afande."

Koplo akatazama jukwaa. Akamtazama Feruzi. Akafikiri, na watu waliokuwa jirani wakasogea kidogo kumpa nafasi.

"Umepiga," alisema.

"Nimepiga chafya, afande. Ni vumbi hili."

"Kwa namna yoyote," akasema Koplo, akikunja kidole cha kwanza. "Kwa sababu yoyote. Mahali popote. Twende."

Bi Chausiku akaling'ang'ania shati la mumewe. "Afande wangu, chafya haina mwenyewe! Inatoka tu!"

"Mama, usipige kelele," Koplo akamwambia, tena kwa upole. "Nako ni kupiga."

Bi Chausiku akafunga mdomo. Akabaki na kifungo cha shati mkononi, akimwangalia mumewe anavyopelekwa.

*

Kituoni walifungua kamusi. Walikuwa hawajawahi kuifungua, ilikuwa inazuia dirisha lisijifunge. Wakatafuta "piga", na walipolipata, Mkuu wa Kituo akavua kofia. Neno lilianza juu ya ukurasa, likashuka, likageuza ukurasa, likaendelea. Askari walikuwa wamekaa wakihuzunikia marungu yao. Sasa wakaona Mwenyezi Mungu kafunga dirisha kafungua lango.

Wiki ile waliwakamata wapiga debe wote wa stendi, na mabasi yakaondoka matupu kwa sababu hakuna aliyejua yanakwenda wapi. Wakamkamata mtu aliyepiga miayo akisubiri daktari, na daktari aliyetaka kumpiga picha ya kifua. Kanisani watu hawakupiga magoti. Askofu, ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua, alisema hii ni serikali ya kwanza kumjali. Katika harusi moja shangazi wa bwana harusi alipiga kigelegele cha nusu, akakimeza kilichobaki, akalazwa hospitali.

Mechi ya fainali ilichezwa kama ilivyopangwa. Wachezaji waliuzunguka mpira wakautazama, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuupiga. Makipa wawili walilala. Muda ulipokwisha mwamuzi hakuweza kupiga filimbi, kwa hiyo mechi haikumalizika, na kwa ninavyojua mimi bado inaendelea. Wake wa wachezaji huwapelekea chakula uwanjani.

Shuleni tu ndiko hakukubadilika kitu. Walimu walieleza kwamba wao hawapigi wanafunzi, wao wanawachapa. Inspekta aliyetumwa akasoma sheria, hakuona "kuchapa", akaaga. Polisi hawakulizingatia hilo wakati ule, maana wengi wao shule walipita mbio.

Baba Mlezi naye alianza kuipenda sheria yake. Mwezi uliofuata ulikuwa wa uchaguzi, na Dakta Mikogo alikuja kumwambia, mikono nyuma, kwamba kuna jambo dogo: kura hupigwa.

"Zisipopigwa?" akauliza Baba Mlezi.

"Zitahesabiwa tu, Mtukufu."

Zikahesabiwa. Baba Mlezi alishinda, ingawa si kwa kura nyingi kama alivyozoea, kwani hakutaka wageni wasengenye.

*

Bi Chausiku hakuwa na habari na kura. Kila mchana alibeba chakula hadi kituoni, na kila mchana alimkuta Feruzi yuko salama. Ajabu ya mambo ni kwamba hakuna aliyemgusa. Askari walikuwa wakali kama zamani, lakini walikosa neno. Walikaa mbele ya mahabusu wakiwatazama, mikono mapajani, vidole vikichezacheza.

"Huku shwari, Mama Siwema," Feruzi alimnong'oneza. "Jana Koplo alitusomea kamusi. Tuko kwenye herufi M."

"Shwari ya paka na panya," alijibu mkewe. Aliviona vile vidole. Alijua kwamba watu waliozoea kitu miaka yote hawatakaa hivi milele, na kwamba siku moja watapata njia. Alitaka mumewe awe ametoka kabla ya siku hiyo. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Akaenda kwa hakimu. Mlango ulikuwa umefungwa, na kupiga hodi ilikuwa kosa. Kubisha hodi nako hakukuwezekana, kwa kuwa kubisha kulikatazwa tangu mwaka Baba Mlezi aliposhika madaraka. Bi Chausiku akasimama mlangoni hadi hakimu alipotoka kwenda kula.

Hakimu alikuwa mtu mzima, mwenye uso wa mtu aliyetia saini vitu vingi bila kuvisoma.

"Chafya?" alisema. "Kosa dogo hilo. Aonywe, aachiwe. Hati ninaiandika sasa hivi." Akaandika, kisha akautazama muhuri wake, akaurudisha mezani. "Ila sitaweza kuupiga muhuri, mama. Na hati isiyopigwa muhuri ni karatasi ya kufungia karanga."

"Sasa, mheshimiwa?"

Hakimu akaangalia mlango, akainama. "Nikuambie kitu, nawe ukisahau hapa hapa. Sheria yenyewe ilisemaje? Kupiga *kumepigwa* marufuku. Kupiga marufuku si kupiga? Basi aliyevunja sheria wa kwanza siku ile si mumeo. Alikuwa juu jukwaani."

"Basi mkamateni!"

"Mama," alisema hakimu akijifuta jasho, "mimi nina watoto. Nenda, avumilie."

*

Kazi nayo ilikuwa imelala. Nchi nzima ilivaa makunyanzi. Mawaziri walionekana wametolewa chini ya mto, na suti ya picha ya pamoja ilikuwa imekunjamana kifuani, ikining'inia Ikulu bila mtu wa kuthubutu kuigusa. Bi Chausiku alivumilia akachoka. Mikono isiyo na kazi ilimfanya awaze, na kuwaza kulimuumiza. Asubuhi moja akawasha mkaa, akaujaza pasi ya mumewe, akaanza na mashati ya jirani.

Hakuwa amemaliza kola ya kwanza alipoona viatu vya Koplo Nguchiro kizingitini.

"Mama Siwema! Unapiga pasi!"

Bi Chausiku akaiinua pasi juu ya kola. Alijua akichukuliwa yeye pia, hakuna wa kumpelekea Feruzi chakula. Na mwenye kuzama hushika hata unyasi; mdomo wake ukashika neno lililokuwa karibu.

"Sipigi pasi, afande. Nanyoosha."

"Unafanyaje?"

"Nanyoosha nguo. Imejikunja, nami naiweka sawa. Nimempiga nani hapo?"

Koplo akatoa nakala ya sheria mfukoni, akaisoma yote, maneno yake machache, mara mbili. Hakuona "kunyoosha". Uso wake ukachanua pole pole, ukawa wa mtu aliyeonyeshwa mlango katika ukuta aliodhani ni mzima.

"Kunyoosha," alisema. "Neno zuri hilo, mama. Zuri sana."

Akaondoka bila kumkamata. Bi Chausiku akacheka peke yake mbele ya mkaa, akajisifu. Kumbe ndivyo! Neno likifungwa, unaingia kwa jina jingine! Na papo hapo akakumbuka muhuri. Akaitua pasi, akajifunga khanga, akakimbia hadi mahakamani, akamngojea hakimu mlangoni.

"Mheshimiwa, muhuri huo usiupige. Ugonge!"

Hakimu akamtazama, akautazama muhuri. "Kugonga," alisema taratibu. "Naam. Wengi husema kugonga." Akaugonga muhuri juu ya hati kwa kishindo, akajisikia vizuri, akaugonga mara nyingine kwenye meza tupu.

Bi Chausiku alikwenda kituoni akiwa ameikumbatia ile hati, na njiani alikuwa ameshaanza kupanga atakachompikia mumewe. Alipokaribia akasikia sauti. Kwanza hakuitambua, kwani kwa miaka yote ya ndoa yao Feruzi hakuwahi kupaza sauti. Ndani kulikuwa na mtu anayelia, na katikati ya kilio kulikuwa na sauti nyingine tulivu inayohesabu.

Koplo Nguchiro alimpokea mlangoni, jasho likimtiririka, amefurahi kama bwana harusi.

"Mama Siwema! Mkuu wa Kituo anakusalimu. Tulikuwa tumekwama mno, sikufichi. Sasa hapa hapigwi mtu. Tunanyoosha tu."

Bi Chausiku akamwonyesha hati. "Hakimu amesema aachiwe."

Koplo akaisoma. "Ni kweli, na tumemwachia, kwa lile kosa la kupiga. Hana deni nasi. Sasa yumo kwa ajili ya kunyooshwa, na hajanyooka bado."

Bi Chausiku alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Alilitafuta lile neno kinywani mwake alirudishe, lakini neno likishatoka halirudi, na hili lilikuwa tayari na rungu. Alilia waziwazi, bila kujali kama kulia nako kuna sheria. Mimi ndiye niliyewapa, alijiambia. Walikuwa hawana, mimi nikawapa.

*

Hatimaye wageni walirudi kuona matunda ya sheria. Walipelekwa moja kwa moja kituo cha Kichangani, ambacho kilipakwa chokaa tangu alfajiri. Dakta Mikogo alikuja nao kama mkalimani. Bi Chausiku alikuwa pale na kikapu chake, na kwa kuwa kikapu kilionekana vizuri machoni pa wageni, aliambiwa asimame upande, atabasamu.

Feruzi akaletwa. Alikuja ameinama, mkono mmoja kiunoni, akitembea kwa ubavu. Kiongozi wa wageni, bibi mmoja mwenye miwani minene, alimsogelea kwa huruma ya kweli, akauliza kitu kwa lugha yake.

"Anauliza," akasema Dakta Mikogo, "tangu uingie humu, umepigwa?"

Feruzi akamtazama mkewe. Akamtazama Koplo. Alikuwa mtu mkweli, na Koplo alikuwa amemsomea sheria kila siku.

"Sijapigwa," alisema. "Nimenyooshwa."

"Sema yote, Baba Siwema!" mkewe akapaza sauti. "Waambie!"

"Nimenyooshwa asubuhi, nimenyooshwa jioni. Nimenyooshwa mgongo, nimenyooshwa nyayo. Juzi walininyoosha hadi nikazimia, wakanimwagia maji, wakaendelea kuninyoosha."

Wageni wakamgeukia mkalimani. Dakta Mikogo, tabasamu halikumtoka, akawaeleza kwa ufupi kwamba mtu huyu aliingia akiwa amepinda, na kituo hiki kimemsaidia kuwa mnyoofu, asubuhi na jioni, tena mara nyingine hadi kupita nguvu zake.

Bibi wa miwani akatokwa na machozi. Hakuwahi kuona mahabusu inayomjenga mtu kwa bidii namna ile. Akawageukia wenzake, na wote kwa pamoja, kwa moyo mweupe, wakapiga makofi.

Dakta Mikogo akafumba macho.

"Wamepiga," alisema Koplo Nguchiro.

"Koplo," Dakta akanong'ona, "hao ni wageni."

"Mahali popote, mheshimiwa. Kwa sababu yoyote." Koplo alikuwa na huzuni kidogo, lakini sheria ameikariri. "Halafu wamepiga wote kwa pamoja. Hilo ni genge."

Akawaingiza ndani. Dakta Mikogo alitaka kuwasiliana na Ikulu, lakini kupiga simu hakuruhusiwi, na dereva wake alikataa kupiga gari moto. Akaondoka kwa miguu, amevaa viatu vya mkutano, na Ikulu ilikuwa juu ya kilima. Wakati wote anapanda kile kilima, kituoni kazi iliendelea kama kawaida. Wale wageni walikuwa wakijifunza lugha yetu kwa miaka mingi bila mafanikio. Jioni ile walilijua neno moja vizuri, maana zake zote.

*

Baba Mlezi alipopewa habari aliitazama suti yake ukutani. Kisha akatoa amri kwamba waliomo wote watoke, pasipo muhuri, pasipo hati, pasipo neno. Hivyo ndivyo Feruzi alivyotoka. Hakutolewa na haki, alitolewa na haraka, lakini Bi Chausiku hakubagua. Alimbeba mumewe begani hadi nyumbani, na wageni nao wakapita barabara hiyo hiyo wakichechemea, wamejiunga na ngoma ya asili.

Wageni hawakuwa watu wa kinyongo. Kabla ya kupanda ndege waliandika sharti jipya, moja tu: kunyoosha kukomeshwe. Hayo mengine, walisema, ni utamaduni. Dakta Mikogo akafurahi, kwa sababu sheria ya kwanza ilikuwa imeshamchosha: simu hazipigwi, magari hayapigwi moto, na nguo zake mwenyewe zilikuwa aibu tupu. Akatunga sheria mpya, na redio ikaisoma asubuhi baada ya dua: "Kunyoosha kwa aina zote ni kosa la jinai. Kupiga, kwa upande wake, ni haki ya kila raia, na asibughudhiwe mtu kwa kupiga." Kura tu hazikurudishwa. Ziliendelea kuhesabiwa.

Asubuhi hiyo Bi Chausiku hakuwa na muda wa redio ya kwake. Aliisikia ya jirani kupitia ukuta. Alikuwa amemlaza Feruzi kifudifudi kitandani, amechemsha maji ya chumvi, anamkanda mgongo kwa kitambaa cha moto. Mgongo ulikuwa umeganda. Ulikataa kurudi.

"Pole pole, mke wangu," Feruzi aliguna. "Ninyooshe pole pole."

"Jikaze kidogo, Baba Siwema. Nikunyooshe na hapa kiunoni."

Mlangoni kukapigwa hodi, mapigo matatu ya furaha, ya mtu aliyeikosa raha hiyo muda mrefu. Koplo Nguchiro akaingia. Safari hii alikuwa na utepe mmoja zaidi begani.

"Samahani, mama. Nimesikia kutoka nje. Unanyoosha."

Bi Chausiku hakuinua kichwa. "Namkanda mume wangu."

"Umesema *nikunyooshe*. Na yeye amesema *ninyooshe*. Nina mashahidi wawili, ninyi wenyewe." Akatoa sheria mpya, karatasi ikiwa bado na joto la mashine. "Kunyoosha kwa aina zote. Itabidi twende, Mama Siwema. Mzee atabaki apumzike."

Feruzi alijaribu kuinuka, mgongo ukamkatalia, akaanguka tena kifudifudi. "Afande, nichukue mimi," alisema, uso kwenye mto. "Mimi njia naijua."

Bi Chausiku akakikamua kitambaa, akakitundika ukingoni mwa beseni. Alijifuta mikono kwa khanga, kidole kimoja kimoja, hadi ikawa mikavu kabisa. Kisha akamsogelea Koplo.

"Afande, nisaidie. Mimi sikusoma, na redio ya jirani inakoroma. Hivi kupiga kumesemwaje?"

"Kumeruhusiwa, mama," alijibu Koplo, ambaye alipenda kuulizwa kitu anachokijua. "Tena ni haki ya kila raia."

"Hata mimi?"

"Wewe si raia?"

"Nisibughudhiwe?"

Koplo akaangalia karatasi, kwa uhakika. "Asibughudhiwe mtu."

Bi Chausiku alimpiga kofi ambalo lilinyamazisha redio ya jirani. Lilikuwa kofi la dobi, mkono uliokamua mashuka ya mtaa mzima kwa miaka, na ndani yake kulikuwa na uwanja mkavu, na kifungo cha shati, na ile sauti ya mumewe akilia nyuma ya ukuta, na lile neno alilowapa kwa kinywa chake mwenyewe. Kofia ya Koplo ilitoka kichwani ikaenda kukaa ndani ya beseni la maji ya chumvi.

Shavu lilikuwa jekundu hata kwa rangi yake. Akaifungua tena sheria, akaisoma upande wa mbele, akaigeuza akasoma nyuma, palipokuwa peupe. Hakuona kosa. Alilitafuta na lile kosa la kwanza, la kunyoosha, akawa hakumbuki vizuri limeanzia wapi. Akaokota kofia yake, akaikung'uta maji, akaivaa, akasimama wima mbele ya Bi Chausiku, akapiga saluti, akatoka.

Viatu vyake vikasikika vikienda mbali. Kitandani, mabega ya Feruzi yalikuwa yakitikisika, na mkewe alidhani analia, akainama kumtazama. Alikuwa anacheka, huku akiumia kila anapocheka, akishindwa kuacha.

"Mkono haujakuuma, Mama Siwema?"

Bi Chausiku alikitazama kiganja chake, kilikuwa kimevimba.

"Wa kulia unauma," alisema, akichovya kitambaa upya. "Lakini nasikia Dakta Mikogo atapita mtaani kwetu Jumamosi, na wa kushoto bado mzima."